Nyumba Njema si Mlango

Wengi wetu tumepita mbele ya jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala, lililojengwa mwaka 1954. Ni wachache wajuao kwamba aliyelichora ni Mjerumani Ernst May, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kutafuta jawabu la swali zito: mwenye mshahara mdogo atalala wapi na watoto wake?

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kuanzia mwaka 1925 hadi 1930 alisimamia katika mji huo ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000. Ili kupunguza gharama, baadhi zilijengwa kwa mabamba ya zege yaliyotengenezwa kiwandani. Vyumba vilikuwa vidogo, lakini vilipata jua na hewa. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, kodi ilizidi uwezo wa wafanyakazi wengi wa mishahara midogo, na makarani na mafundi wenye ujuzi ndio walioingia.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi kupanga miji ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk. Wanazi waliposhika madaraka Ujerumani mwaka 1933, hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 akaja Tanganyika kulima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa raia wa adui. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, yaani Kololo na Naguru, na mpango huo ukatolewa mwaka 1947.

Hapo ndipo penye lawama kubwa. Mtu aliyempigania mfanyakazi wa Frankfurt apate jua dirishani alichora Kampala iliyogawanywa kwa rangi: Mwafrika mahali pake, Mhindi pake, Mzungu pake. Mwafrika hakuulizwa anataka kuishi vipi. Alihesabiwa kuwa mwanafunzi wa maisha ya mjini, wa kufundishwa na mwingine.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. May alikuwa na ufundi, bidii na nia, lakini ufundi haukumwonyesha mkaaji wa nyumba. Basi wanaopewa dhamana ya kuchora makao ya askari wa jeshi na polisi wasianze na ukuta. Waanze na mshahara wa koplo, idadi ya watoto wake na umbali wa maji, na mke wake aulizwe kabla ya msingi kuchimbwa.