Wakili Aanzie Kamati ya Shule

Ndugu zangu wa Busunzu, nanyi majirani wa Kibondo yote na Kasulu mkoani Kigoma, nina jambo ninalotaka tuambiane bila kuzungushana. Watoto wetu waliosomea sheria tunawangojea mahali pasipofaa. Tunawangojea Bungeni. Uchaguzi mkuu ukikaribia, sokoni na vijiweni tunaulizana ni wakili gani wa kwetu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza atakayekuja kuchukua fomu, na akishuka kwenye gari tunampokea kwa vigelegele kama bwana harusi. Shule ya msingi aliyosoma akiwa peku ina kamati. Kamati hiyo ina fedha, ina mamlaka, ina sheria yake. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama angependa kuwa mjumbe, naye hakuwahi kuomba.

Nasema aanzie huko, na nina sababu.

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ndiyo iliyoweka kamati za shule za msingi na bodi za shule za sekondari. Wajumbe wa bodi huteuliwa, kwa hiyo mwananchi wa kawaida hana kura pale. Lakini kwenye kamati ya shule ya msingi wazazi huchagua wenzao, mwenyekiti hutoka miongoni mwao, na mwalimu mkuu huwa katibu. Hakuna bendera ya chama wala kura za maoni. Sheria zetu za uchaguzi hazimruhusu mtu kugombea hata uenyekiti wa kitongoji bila kudhaminiwa na chama, na Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki ya mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika, iliyompa ushindi Juni 2013, bila mlango huo kufunguliwa hapa nyumbani. Basi kamati ya shule ni kati ya nafasi chache sana za umma ambazo mtu huchaguliwa kwa jina lake na tabia yake tu. Kijana mwanasheria asiyependa siasa za vyama hana kisingizio hapo.

Tusidanganyane kwamba kazi hiyo ni ndogo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hadi 2006, serikali iliamua fedha za shule zifike shuleni na kamati zishiriki kupanga matumizi yake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 ziende shuleni moja kwa moja, na 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Pigeni hesabu. Shule yenye watoto 800 inapaswa kupokea shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kila mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na utawala. Fedha hizo ni chache, na kwa sababu ni chache, elfu hamsini ikipotea darasa zima huliona pengo lake. Ni nani kati yetu aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule akasoma zimeingia ngapi na zimetoka ngapi?

Halafu kuna michango. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, na hapa ndipo mtu anayejua sheria angefaa kuliko popote. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima. Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua wajibu wa kila upande: mzazi anunue sare, madaftari na kalamu, na jamii inaweza kuchangia kwa hiari. Januari 2018 Rais Magufuli akawakataza walimu kushika michango kabisa, akaagiza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kanuni zipo, tena zimeandikwa kwa Kiswahili. Sasa angalieni kikao cha wazazi kinavyokwenda.

Wazazi wameketi kwenye madawati ya darasa la pili, magoti juu. Hoja ni chakula cha mchana: kila mtoto alete mahindi debe moja na maharage kilo kadhaa, na fedha ya mpishi. Mama mmoja wa nyuma, mtoto mgongoni, anauliza nani alipitisha. Anajibiwa: kamati. Lini? Kimya. Linaletwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Muhtasari wa siku hiyo upo nusu ukurasa, haujasainiwa na mwenyekiti, na majina ya mahudhurio yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja. Mama yule hajui neno akidi. Anahisi tu kuna kitu hakikukaa sawa, na kwa kuwa hana la kushika, anaketi. Wiki inayofuata mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa kukosa debe la mahindi.

Mimi siupingi uji wa shuleni. Mtoto aliyetembea kilima na bonde bila kitu tumboni hasomi, na mzazi mwenye mahindi anafanya jambo jema kuyatoa. Ninachopinga ni kumwadhibu mtoto kwa deni la mzazi, na uamuzi wa watu watatu kuitwa uamuzi wa wote. Mjumbe mmoja mwanasheria angetosha kusema kwa sauti ya kawaida: "Mwenyekiti, turudie kikao, tuandike upya nani alikuwepo, na wazazi wakikubali iwe hiari kama waraka unavyosema." Hahitaji joho wala mahakama. Anahitaji kuwepo siku hiyo.

Na kamati ya shule ni mwanzo tu. Sheria Namba 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye kauli ya juu katika kijiji, na unatakiwa kukutana walau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni mtumishi wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 ikaongeza neno zito: halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Someni tena sentensi hiyo, ninyi mlioamka asubuhi mkakuta mtu mgeni anapima shamba na kuambiwa "ofisi imeshapitisha".

Kwetu jambo hili lina historia. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba na migomba yao wakakusanywa vijijini, na hadi leo wazee wanawaonyesha wajukuu mahame ya babu zao. Migogoro mingi ya mipaka inatokea hapo. Tangu hapo wilaya zetu zimepokea wakimbizi mara kadhaa, kambi za Nyarugusu na Nduta ziliwekwa katika ardhi ya Kasulu na Kibondo, barabara ya lami imekuja, na thamani ya kipande cha ardhi kando yake si ile ya miaka ishirini iliyopita. Kijiji kisicho na mtu anayejua kifungu hicho kimoja cha ridhaa ya mkutano mkuu kitauziwa ardhi yake kikiwa kimekaa kikaoni.

Mtasema watu wetu hawajui kuchagua. Si kweli. Mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilishinda majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa ya mkoa wetu wa Kigoma: Muhambwe, ambayo ndiyo Kibondo yetu, kwa Felix Mkosamali, Kasulu Mjini kwa Moses Machali, Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera, Kigoma Kusini kwa David Kafulila. Mwaka 2015 yote manne yalikwenda CCM. Siandiki haya kumtetea mbunge wala chama. Naandika kwa sababu watu hao hao waliokuwa wakali hivyo kwa kura ya mbunge, kura ya mwenyekiti wa kitongoji waliiacha ijiendee. Mbunge hakai kikao cha kugawa shamba lako. Mwenyekiti wa kitongoji anakaa.

Nafasi hizo za kijiji na kitongoji nazo zimekuwa ngumu, lazima niseme. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kasoro za fomu, vyama kadhaa vikajitoa, na maeneo mengi yakapata viongozi waliopita bila kupingwa. Novemba 27, 2024 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena. Mara zote mbili msimamizi alikuwa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Ninaona ni vibaya mwananchi kunyimwa kura kwa sababu ya herufi iliyokosewa kwenye fomu, awe wa chama chochote. Lakini fomu ndiyo kazi ya wakili. Kuijaza ikajaa, kuweka pingamizi ndani ya muda, kukata rufaa kwa maandishi: haya ndiyo aliyosomea. Uchaguzi ujao ni 2029. Mwanasheria atakayeonekana mwezi mmoja kabla atakuwa amechelewa, kwa kuwa mgombea maskini wa kitongoji hatakuwa na ujasiri wa kumpigia simu mtu asiyemfahamu.

Kama kuna wakili anayedhani kazi hii itamshusha hadhi, namkumbusha Vallabhbhai Patel wa India. Alisoma sheria London, akarudi Ahmedabad, akawa wakili mwenye kipato kizuri. Mwaka 1917 akachaguliwa kuingia halmashauri ya mji huo, akajishughulisha na mitaro, usafi na maji ya watu. Kuanzia 1924 hadi 1928 alikuwa mwenyekiti wake. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru mwaka 1947, akaziunganisha mamia ya tawala za kifalme kuwa nchi moja. Mazungumzo na wakaidi aliyafanya kwanza kwenye mitaro.

Yapo pia ya kumwonya mwanasheria wetu. Asiigeuze kamati kuwa mahakama. Akianza kila sentensi kwa kifungu, wazazi wataacha kusema mbele yake, na mwalimu mkuu atamwona adui. Asiketi kikaoni asubuhi akaidhinisha zabuni ya madawati, kisha jioni akamwandikia mkataba fundi aliyeshinda. Na mtu akimfuata nyumbani usiku na kesi ya shamba dhidi ya kijiji ambacho yeye ni kiongozi wake, amwambie wazi kwamba hawezi kuichukua, ampeleke kwa mwingine.

Najua ugumu mwingine. Mwenyekiti wa kijiji lazima awe mkazi, na mawakili wengi wa nchi hii wanaishi mijini, ambako ndiko walipo wateja. Hakuna mshahara kwenye kamati ya shule, na posho ikipatikana ni nauli. Hilo silifichi. Lakini wapo wanaofanya kazi Kibondo mjini na Kasulu, wenye watoto katika shule hizi hizi. Na aliye mbali anaweza kuja wakati wa likizo awafundishe wajumbe kusoma waraka mmoja, au awaandae wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ili kila kata iwe na mtu wa kuulizwa.

Kwa wazazi nina ombi moja. Shule zitakapofunguliwa Januari na mkaitwa kuchagua wajumbe, msimuulize mwombaji amesoma chuo gani. Mwulizeni ruzuku ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani, imebandikwa wapi, na waraka unasema nini juu ya mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia. Akiwa wakili na hajui, mwambieni akasome, arudi mwakani. Mpeni nafasi yule mama wa nyuma aliyeuliza "lini", na wakili aketi karibu naye amsaidie kusoma daftari.