Vumilia si dawa!

Vijana wa Kalehe na Bukavu,

Mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400 kwetu, Bushushu na Nyamukubi. Aliyetolewa kwenye matope na mguu umevunjika, parasetamoli itamufanyia nini? Kufunga mfupa kunasaidia, lakini maumivu makali yanaomba morfini.

Wanatuambia eti tutakuwa watumwa wa dawa. Hapana! Uganda iko hapa karibu tu: wanachanganya unga wa morfini na maji, mgonjwa anakunywa kwa kipimo. Tangu 2004, hata wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandikia wagonjwa.

Serikali, tunadai: morfini ifike hospitali zetu, wauguzi wafundishwe, maskini asilipe. Wandugu, tukatae kuambiwa "vumilia tu"!