Bei ya Mtandaoni Si Bei ya Kawangware

Jumamosi moja nilikuwa Kawangware kwa jamaa anayeuza vitu vya zamani kando ya barabara: pasi za makaa, cherehani, na redio moja ya Philips iliyojaa vumbi. Nikauliza bei. "Boss, hiyo ni elfu arobaini." Nilipocheka akatoa simu, akanionyesha redio kama ile mtandaoni, dola 300. "Cheki mwenyewe. Sijaitoa kichwani."

Hakuwa anadanganya. Bei ilikuwa pale kweli. Lakini alikuwa anaisoma vibaya, na wanunuzi wengi hutuma pesa wakiisoma hivyo hivyo.

Bei iliyobandikwa ni ile muuzaji anayoitamani. Hata mimi naweza kubandika sufuria yangu elfu hamsini. Kwenye eBay unaweza kuchagua uone vitu vilivyokwisha kuuzwa tu, na hapo ndipo utajua mtu alitoa ngapi mfukoni. Hata hiyo bado ni bei ya Ulaya au Marekani, na pengine ya redio iliyosafishwa na inayolia.

Vitabu navyo vina mipaka yake. Wakusanyaji hukitaja sana kitabu cha Marty na Sue Bunis, Collector's Guide to Antique Radios. Ni kizuri, ila kimejaa redio za Marekani kama Philco na Zenith. Redio zilizokaa juu ya kabati za wazee wetu nyingi zilikuwa Philips ya Uholanzi, Grundig ya Ujerumani, Pye ya Uingereza, na baadaye Sanyo na National za Japani. Ukitafuta redio ya shosho humo, unaweza kumaliza kurasa zote bila kuiona.

Kwa maoni yangu, miongozo hii itumie kujua kitu ni nini. Bei iache mwisho. Geuza redio, soma namba ya modeli nyuma, kisha uitafute kwenye radiomuseum.org. Utapata mwaka, picha, na mara nyingi mchoro wa nyaya.

Halafu angalia zile taa za kioo ndani, yaani vali. Kwa redio za Ulaya herufi ya kwanza inasema mengi. Vali zinazoanza na E, kama EL84, kwa kawaida ni za redio ya stima. Zinazoanza na D, kama DK96, ni za redio ya betri, zile zilizotumika mashambani ambako stima haikuwa imefika.

Ile ya Kawangware ilikuwa na vali za D. Na mtu alikuwa ameifungia waya na plagi ya stima! Volti 240 kwenye kitu cha betri. Nikamwonyesha jamaa kwa simu yangu, modeli ile ile. Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe uko na ngapi?" Tukaanza upya kutoka hapo, tukaishia 5,500.

Kuna thamani ambayo hakuna kitabu kitaiandika. Tarehe 1 Agosti 1982, watu walisikia habari za mapinduzi yaliyoshindwa kwenye redio za nyumbani. Kama hiyo redio ni ya baba yako, usimwulize mtu wa eBay. Lakini usimlipie mgeni hadithi ya baba yake pia.

Sasa pesa. Mwaka jana niliona Grundig kwenye kundi moja la mtandaoni, muuzaji akasema yuko Westlands na kuna mtu mwingine anaitaka. Nikatuma 3,000 ya kushikilia. Simu ikazimwa. Nilipoomba muamala urudishwe, pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala, na ikishafika hapo kuirudisha ni kazi ngumu. Tangu siku hiyo situmi hata mia kabla ya kushika kitu kwa mkono.

Hata pale Kawangware, nilipoingiza namba likatokea jina la mwanamke. "Ni laini ya wife," jamaa akasema. Huenda ilikuwa kweli. Nikasitisha, nikamwomba namba yake mwenyewe, tukangoja ujumbe uingie kwa simu zote mbili. Ule ujumbe bado ninao. Nikija kuiuza redio, ndio risiti yangu: tarehe, kiasi, jina.

Kwa sasa redio iko kwa fundi, juu ghorofani Luthuli Avenue. Plagi ameitoa. Vali mbili zimeungua, zingine anasema ziko sawa. Inahitaji betri ya volti 90, na hapa mjini hajaona duka lenye hiyo, kwa hivyo anaunganisha betri ndogo kumi za volti tisa. Ameniambia nirudi Alhamisi.