Nani ameua?

Juma hili tumecheka. Tuliangalia Clue, filamu ya Marekani ya mwaka 1985, iliyotoka katika mchezo wa mezani ambao wengi wanauita Cluedo. Mchezo huo ulibuniwa na Mwingereza Anthony Pratt, na ubao wake ulichorwa na mke wake, Elva. Jina la mama huyo halisikiki sana, basi sisi tunalitaja.

Wageni sita wanaalikwa chakula cha usiku. Kila mmoja ana siri, na kila mmoja anamlipa mtu yule yule ili asifichuliwe. Wadsworth, mtumishi wa nyumba, anatoa siri mbele ya wote. Taa zinazimwa, na maiti ya kwanza iko chini.

Hapo tuliongea kuliko kucheka. Mtishaji alikula pesa ya watu sita kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mwenzake pia analipa! Katika vikundi vyetu, mama anayelipa ili picha yake isitembezwe katika simu za watu, naye anafikiri yuko peke yake?

Watoto walale kwanza: maiti ni nyingi, na mizaha mingine ni ya wakubwa. Filamu ina miisho mitatu. Zamani kila sinema ilionyesha mmoja tu, leo nyumbani unaipata yote. Kabla Wadsworth hajaanza kukimbia chumba kwa chumba akieleza, simamisheni filamu, kila mama ataje muuaji wake. Kwetu zilitoka kelele hadi jirani akabisha mlango.