Shindano Halizai Mwimbaji



Siku hizi neno moja linasikika sana vinywani mwa vijana wetu wa Masisi na Walikale: «Nikionekana kwenye televisheni mara moja tu, nimefika.» Hutamkwa mbele ya kibanda cha sinema, hutamkwa njiani watu wakitoka Misa, hutamkwa hata katika mazoezi ya kwaya. Maana yake ni hii: huko mjini kuna shindano la kuimba, waamuzi wameketi vitini, watu wanapiga kura kwa simu, na anayeshinda hupata fedha, jina na kazi ya maisha yake yote. Basi kijana anaomba mbuzi wa baba yake auzwe, anapanda pikipiki, anakwenda zake. Mbuzi amekwisha kuuzwa, na kwaya ya kijiji imebaki bila sauti yake.

Mimi nasema wazi kwamba neno hilo si kweli. Shindano la televisheni halizai mwimbaji. Humwonyesha tu mwimbaji aliyekwisha kuzaliwa na kulelewa mahali pengine, tena humwonyesha kwa muda mfupi. Wazee walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Nataka kuonyesha kwamba katika jambo hili hawakukosea.

Tuangalie kwanza mambo yaliyotukia. Katika Afrika ya Mashariki shindano lililovuma sana lilikuwa Tusker Project Fame, lililofanyika Nairobi. Lilianza mwaka 2006. Vijana wa nchi mbalimbali waliwekwa pamoja katika nyumba moja, wakafundishwa kuimba mbele ya kamera, na watazamaji wakawapigia kura kwa simu. Mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Wakamfuata Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Huyo wa mwisho alipewa shilingi milioni 5 za Kenya, nazo si fedha kidogo. Baada yake mlango ukafungwa.

Sasa nakuuliza wewe msomaji: kati ya hao sita, ni wangapi ambao nyimbo zao umewahi kuzisikia katika arusi ya Masisi au katika redio ya Walikale? Siwadharau hata kidogo. Sauti zao zilikuwa nzuri, na wengine wao wameendelea kuimba. Lakini sisi tuliambiwa kwamba shindano hutengeneza nyota za Afrika ya Mashariki nzima. Ni nyota gani hizo ambazo mtu akiwa ng'ambo ya mpaka tu hazioni?

Kwa nini inakuwa hivyo? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: mwenye shindano si mwalimu wa muziki, ni mfanyabiashara. Tusker ni jina la bia. Mashindano mengine yana jina la kampuni ya simu. Siwahukumu kwa hilo, kwa maana kila mtu hutangaza mali yake. Lakini tujue nini kinachouzwa pale. Kinachouzwa ni bia, ni simu, ni kura zinazolipiwa, ni macho ya watazamaji. Kijana anayeimba ni kengele ya duka tu. Wateja wakiisha kuingia, nani anaendelea kupiga kengele?

Sababu ya pili: katika mashindano hayo, mara nyingi mshindani huimba nyimbo za watu wengine. Watazamaji humpigia makofi kwa kuwa wimbo wanaujua tangu zamani. Shindano likiisha, wimbo hurudi kwa mwenyewe, na mshindi hubaki na sauti isiyo na maneno yake. Mwimbaji wa kudumu ni yule ambaye watu humwendea kutafuta wimbo wasioweza kuupata kwa mwingine. Jambo hilo halifundishwi kwa majuma machache mbele ya taa.

Sababu ya tatu: shindano humla mtoto wake mwenyewe. Mwaka unaofuata lazima apatikane mshindi mpya, kwani watazamaji wamemchoka wa zamani. Kamera ile iliyompandisha ndiyo inayomwacha.

Watu wa Walikale, ninyi mnaifahamu hadithi hii kuliko wengine. Mliona vijana walivyokimbilia Bisie kwa ajili ya kasiterite, na wenzao wa Masisi walivyokimbilia Rubaya kwa ajili ya koltani. Mmoja alipata, habari yake ikaenea kila kijiji, na mia moja wakaacha mashamba yao. Habari za wale mia moja hazikutangazwa na mtu. Shindano la televisheni ni shimo la namna hiyohiyo. Tunamwona mshindi. Hatuwaoni wale waliosimama katika mstari mrefu tangu alfajiri, wakaimba kwa dakika moja, wakaambiwa warudi kwao, na fedha za kurudi hawana.

Lakini najua mtanijibu. Mtasema: «Mwalimu, umemsahau mtoto wetu wa Goma.» Sikumsahau. Innocent Balume, anayejulikana kwa jina la Innoss'B, alizaliwa Goma mwaka 1997. Mwaka 2010, akiwa bado kijana mdogo, alishinda shindano la kuimba la kampuni ya simu Vodacom. Leo jina lake linajulikana mbali sana. Basi, shindano limemzaa, sivyo?

Hapana. Tusome habari yake yote, tusisome ukurasa mmoja tu. Kabla ya shindano lolote, mtoto huyo alikuwa akiimba Goma pamoja na kaka zake katika kikundi chao cha Maisha Soul. Alianza akiwa mdogo kabisa. Alikuwa na nyumba iliyojaa muziki, na ndugu waliomrekebisha alipokosea. Hiyo ndiyo shule yake. Tena tuhesabu miaka. Alishinda mwaka 2010. Wimbo wake «Yo Pe», uliopita katika Afrika nzima alipouimba tena pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ulitoka mwaka 2019. Kati ya ushindi na wimbo huo ni miaka 9! Kama shindano ndilo lililomfanya, ile miaka 9 ilikuwa ya nini? Ilikuwa miaka ya kazi: kutunga, kurekodi, kucheza na kuanza upya. Kijana anayesema «nitafanya kama Innoss'B» na afanye kama yeye kweli: aimbe na ndugu zake tangu utoto, kisha avumilie miaka 9 baada ya makofi.

Wengine watanitajia Tanzania, na shindano lao la Bongo Star Search. Kweli, Walter Chilambo alishinda huko mwaka 2012, na baadaye alijulikana kwa nyimbo zake za dini. Lakini angalieni kilichomshika: ni nyimbo zake mwenyewe, na waamini wanaozihitaji. Kura za simu za mwaka 2012 zilikwisha usiku uleule zilipohesabiwa.

Wengine watavuka bahari na kunitajia Marekani. Huko Kelly Clarkson alishinda shindano la American Idol mwaka 2002, na hakusahauliwa. Nakubali. Lakini katika shindano hilohilo, mwaka 2004, Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba. Mwaka 2007 alipata Oscar, tuzo kubwa ya sinema, na kama mwimbaji anajulikana dunia nzima. Kama cheo cha shindano ndicho kinachofanya mwimbaji, wa saba angefikaje hapo? Yeye aliimba kanisani Chicago tangu utoto. Msingi wake uliwekwa huko. Tena Marekani kuna nyumba za kurekodi, redio nyingi, kumbi na watu wenye fedha za kununua nyimbo. Shindano huko ni mlango wa nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwetu wanatuletea mlango peke yake, wanausimamisha katikati ya shamba. Ukiupita unajikuta shambani vilevile.

Tumwangalie sasa mtu mwingine, na huyu ameketi katika kiti cha mwamuzi. Shindano la The Voice la Afrika ya Kifaransa lilipoanza mwaka 2016, mmoja wa walimu na waamuzi wake alikuwa Lokua Kanza, mwana wa Kivu, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1958. Yeye alipitia njia gani? Aliimba katika kwaya za kanisa akiwa mtoto. Alisoma muziki Kinshasa. Alikwenda Paris mwaka 1984, akapiga gitaa na kuimba nyuma ya wakubwa. Sahani yake ya kwanza yenye jina lake ilitoka mwaka 1993, alipokuwa na miaka 35. Kwa hiyo, yule anayepewa kazi ya kuwachagua vijana wa televisheni hakuchaguliwa na televisheni. Wenye shindano wenyewe, walipotaka mwalimu wa kweli, walimtafuta mtu aliyepita njia ndefu. Je, hilo halitufundishi kitu?

Lakini kwa nini niende mpaka Paris? Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko Walikale, katika nchi ya Wanyanga. Mwaka 1956 mzee mmoja, Candi Rureke, alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Aliimba, alisimulia, alicheza, na vijana wakampigia mdundo na kuitikia. Mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, pamoja na wasaidizi wake, waliandika neno kwa neno. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, kikiwa na jina la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Mpaka leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi za mbali wanaisoma hadithi iliyoimbwa katika msitu wetu.

Rureke alipigiwa kura na nani? Aliupata wapi ufundi wa kuimba siku 12? Kwa Wanyanga, kijana alijifunza kwa kumfuata bingwa. Alikuwa msaidizi wake: akapiga mdundo, akaitikia, akasikia hadithi mara nyingi mpaka ikakaa ndani yake. Hakuanza kwa kusimama mbele. Alianza kwa kukaa nyuma na kuitikia vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hapo ndipo vijana wetu wanaposhindwa, kwa maana televisheni imewafundisha kwamba kuimba ni kusimama peke yako mbele ya taa.

Kuna jambo jingine, na ninyi mlioishi katika nchi hizi mtanielewa. Vita vimefunga njia zetu mara nyingi. Mwaka 2025 tuliona Masisi, Goma na hata Walikale zikiingiliwa na mapigano, na watu wakikimbia na godoro kichwani. Wakati kama huo televisheni huachwa, mashine ya umeme huachwa, na shindano la mjini huwa kama habari ya mwezini. Lakini mwenye wimbo moyoni hukimbia nao. Akifika penye mahema, huuanzisha, na wenzake huitikia. Wimbo wa namna hiyo ndio unaodumu, kwani watu wanauhitaji ili waishi. Tukiwaacha vijana wetu wangojee kamera, nani atatuimbia siku hiyo?

Basi, tufanye nini? Sisemi kijana asiende kamwe kwenye shindano. Soko si dhambi. Lakini soko halitengenezi jibini. Watu wa Masisi wanajua: maziwa hukamuliwa, hugandishwa, jibini huwekwa kwenye rafu na kugeuzwa siku kwa siku, na mwisho ndipo hupelekwa Goma kuuzwa. Ukipeleka maziwa mabichi sokoni na kuyaita jibini, utachekwa. Nenda kwenye shindano ukiwa na nyimbo zako mwenyewe, ukiwa na wenzako wanaokungoja nyumbani, na ukiwa na nauli ya kurudi. Ukishinda, mshukuru Mungu. Ukishindwa, hukupoteza kitu.

Ninyi wazazi, kabla ya kuuza mbuzi, mwulizeni mtoto maswali matatu. Umetunga nyimbo ngapi? Chombo gani unaweza kukipiga? Umemfuata mwalimu gani, na kwa muda gani? Asipoweza kujibu, fedha za mbuzi zinunue gitaa, au zimlipe mpiga kinanda amfundishe. Chombo kitabaki nyumbani hata shindano likisahauliwa.

Ninyi viongozi wa kwaya, msiseme tu «vijana wanatukimbia». Mwimbaji mwenye kipawa akikaa miaka mitano katika kwaya bila kufundishwa kusoma nota, bila kuruhusiwa kutunga hata wimbo mmoja, kwa nini asiitamani televisheni? Mfundisheni, mpeni kazi, na mpelekeni kwa wazee wa Kihunde, wa Kinyanga na wa Kinyarwanda akaandike nyimbo zao kabla hawajazikwa nazo.

Na wewe kijana, kama kweli Mungu amekupa sauti, usimwachie mtu wa bia aamue kama utaimba au hutaimba. Jumamosi kuna mazoezi. Njoo mapema, kaa nyuma, uitikie vizuri.