Sheria ya darasa isiazibu mtoto juu ya vita

Wazazi, walimu, maprefe, na ninyi wanafunzi wa sekondari wa Masisi na Walikale,

Mu sekondari zetu nyingi, mwaka wa masomo ukianza, kuko karatasi moja yenye inasomwa mbele ya wanafunzi wote, kisha inabandikwa ku mlango wa biro ya prefe. Ni règlement ya masomo. Inasema saa ya kuingia, nguo ya kuvaa, siku ngapi mtu anaweza kukosa mbele ya kufutwa, na tarehe ya mwisho ya kulipa minervali. Hatusemi karatasi hiyo ni mbaya. Masomo bila sheria ni soko. Lakini karatasi hiyo iliandikwa kwa mtoto mwenye analala kwao kila usiku, mwenye wazazi wake wanavuna shamba yao, mwenye buletini zake zote ziko mu sanduku. Kwetu watoto wa namna hiyo wamebaki wachache.

Kwa hiyo leo tunaleta neno moja: sheria ya darasa iazibu kosa lenye mwanafunzi alifanya kwa kutaka kwake. Isimuazibu juu ya kile vita ilimufanya.

Tukumbuke tumepita wapi. Kitshanga iliangukia mu mikono ya M23 mwezi wa kwanza 2023. Rubaya, mwisho wa mwezi wa ine 2024. Masisi-centre, tarehe 4 mwezi wa kwanza 2025, na Goma nayo mwisho wa mwezi uleule. Mwezi wa pili, makambi ya wakimbizi ya pembeni ya Goma ilivunjwa, na watu wa Masisi wenye walikuwa mule wakaambiwa warudie kwao, wengine mu vijiji vyenye hakukubakia hata nyumba. Mwezi wa tatu, vita ikafika Walikale-centre. Angalieni vizuri hizo tarehe: hakuna hata moja yenye inaangukia mu vakansi kubwa. Kila moja ilikata mwaka wa masomo katikati. Mwanafunzi mwenye alianza sekondari yake mu Kitshanga mu 2022 anaweza kuwa amesha kukaa ku banki za masomo tatu ao ine, bila kumaliza mwaka mzima ku moja kati yao.

Mtoto huyo akifika mu darasa lako, karatasi ya ku mlango inamwambia nini?

Inamwambia kwanza kwamba amechelewa. Walikale ni teritware kubwa kuliko zote za Nord-Kivu, na mtu mwenye anaijua anajua maana ya kutoka mu kijiji cha pori mpaka ku sekondari kwa miguu, mu matope, na kuvuka mto. Ku Masisi ni milima, na ku barabara kuko bariere. Mtoto mwenye anazuiliwa ku bariere mpaka apate franga ya kupita, kisha anafika saa mbili na kukuta mlango umefungwa, ameazibiwa mara mbili ku siku moja: na mwenye bunduki, kisha na masomo. Na akirudishwa, anarudia ku bariere ileile.

Inamwambia tena kwamba amekosa siku nyingi, basi jina lake limefutwa. Lakini siku kijiji kizima kinakimbia, nani anabakia wa kuandika waliokuwepo? Kukimbia risasi si utoro.

Inamuuliza buletini na nguo ya bleu na nyeupe. Buletini imeungua na nyumba. Sketi ya bleu iliuzishwa mu kambi ili wapate unga. Mwanafunzi wa darasa la tano la pedagojia anarudishwa mu la tatu, ao anaambiwa akatafute karatasi mu masomo yenye leo ni kambi ya maaskari. Wengi hawarudii tena.

Na inamuuliza franga. Hapa tuseme wazi, sababu watu wengi wanachanganya. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya primere ya Serikali ni ya lazima na ya bure, na bure hiyo ilianza kufuatwa mwezi wa kenda 2019. Sekondari haimo. Mzazi wa sekondari analipa. Na sisi hatusemi mwalimu afundishe na njaa. Kuko walimu wenye hawajaingia ku liste ya mshahara wa Serikali, wale tunaita NP, wenye wanaishi na kile wazazi wanatoa. Na toka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati banki zilifungwa Goma, hata mwalimu mwenye jina lake liko ku liste aliteseka kwa kupata mshahara wake. Mwalimu naye anabeba vita. Lakini deni la minervali ni neno kati ya masomo na mzazi. Kumuinua mtoto katikati ya somo la hesabu, mbele ya wenzake, na kumwambia « nenda mpaka baba alipe », hakuleti franga. Kama baba hakuvuna, hakuvuna.

Sasa, mwenye anafukuzwa saa tatu asubuhi anaenda wapi? Kila mzazi wa Masisi na Walikale anajua jibu. Kijana wa Rubaya anaenda ku shimo ya koltani. Wa Walikale anaenda kubeba mizigo ku njia za machimbo. Wengine wanaenda ku wale wenye bunduki, sababu kule hakuna mwenye anauliza buletini wala minervali. Msichana anaolewa, ao anaenda kwa mwanaume mwenye atamupa cha kula. Tusidanganyane kwamba ni tabia mbaya ya vijana. Mlango mmoja ulifungwa, na ingine ilikuwa wazi.

Na ile milango ingine tunajua mwisho wake. Ntabo Ntaberi Sheka, mwenye kundi lake lilitesa Walikale miaka mingi, alihukumiwa kifungo cha maisha mu Goma tarehe 23 mwezi wa 11 2020, na kuingiza watoto mu kundi lake kulikuwa mu makosa yenye yalimuangusha. Yeye alihukumiwa. Lakini ile miaka yenye watoto walipoteza ku banki ya darasa, hakuna tribinali yenye iliwarudishia.

Tunajua kile maprefe watajibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: mkilegeza leo kuchelewa, kesho mtalegeza kila kitu, na diplome ya Masisi itakuwa karatasi ya bure. Tunakubaliana nao ku jambo moja: masomo yasipunguzwe. Exetat haiulizi ulikimbia mara ngapi. Maulizo ni yaleyale Kinshasa na Pinga, na mwenye hana 50% hapati diplome. Mwalimu mwenye anampa mwanafunzi alama za huruma anamudanganya, na udanganyifu huo utaonekana siku ya Exetat. Kwa hiyo hatuombi huruma ku hesabu wala ku français. Tunaomba mtoto abakie mu darasa ili afundishwe kwa nguvu. Kufukuza si ukali wa masomo. Mwenye yuko inje hafundishwi kitu.

Kwa hiyo tunaomba kila sekondari ya Masisi na Walikale, ya Serikali, ya makanisa ao ya watu binafsi, ikalishe COPA, walimu na mashefu wa madarasa, na iandike tena karatasi yake hivi:

1. Mwenye amechelewa aingie. Jina liandikwe, na kama amechelewa kwa uvivu, abakie nyuma ya masomo kumaliza kazi. Asirudishwe kwao.

2. Siku zenye kijiji kilikimbia zisihesabiwe kuwa kosa. Mwanafunzi akirudi, apewe muda wa kunakili masomo na kufanya enterogasyo zenye zilimupita.

3. Mwenye hana buletini apimwe palepale, mu somo tatu ao ine, na awekwe mu darasa lenye anaweza. Karatasi zifuate nyuma. Nguo ya bleu na nyeupe isiwe sababu ya kumurudisha mtu.

4. Hakuna mtoto wa kufukuzwa juu ya franga katikati ya somo ao ya egzameni. Masomo na mzazi wapatane: kidogo kidogo, ao kwa mavuno, ao kwa kazi ya mzazi ku jengo la masomo.

5. Msichana mwenye mimba, ao mwenye mtoto, abakie ku banki yake. Mu darasa letu kuko wenye walibakwa. Kumufukuza ni kumaliza kile mbakaji alianza.

6. Alama zenye zinaombwa ku kitanda ziandikwe mu karatasi kama kosa la mwalimu, na jina la mtu wa kumwambia liwe wazi, ikiwezekana mwanamke. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inaazibu kusumbua mtu namna hiyo. Si siri ya kumalizia mu biro ya prefe.

7. Fimbo iishe. Watoto hawa wamesha kuona watu wakipigwa. Darasa liwaonyeshe njia ingine ya kurudisha mtu ku mstari.

Na ninyi wanafunzi, msifikiri tumeandika hii ili mulale. Karatasi mpya itakuwa na upande wenu, na upande huo utakuwa mgumu. Ukiingia, uwe na kahie na bic, na simu izimwe. Hakuna kukopiya, hakuna kununua mwalimu, hakuna kungojea maulizo ya Exetat mu WhatsApp. Hakuna kuingia na pombe, kisu, wala nguo ya kijeshi. Ukiona mwenzako hayuko siku tatu, mpitie kwao uulize. Yule mwenye amefika jana toka kijiji kingine, mpe kahie yako anakili.

Na moja kubwa kuliko zote: hakuna tusi la kabila mu darasa. Wazazi wetu wanakumbuka mwezi wa tatu 1993, mauaji ya ku soko la Ntoto, mu Walikale, na namna moto ule ulipanda mpaka Masisi yote. Ulianza na maneno mbele ya kuanza na mapanga. Leo, mu vijiji vingi, banki ya darasa ndiyo pahali pa mwisho penye mtoto wa Muhunde, wa Munyanga, wa Mukumu, wa Mutembo, wa Muhutu na wa Mututsi wanaweza kukaa pamoja na kuulizwa maulizo moja. Mwenye anatukana mwenzake juu ya kuzaliwa kwake, huyo ndiye alichagua kosa lake. Huyo aazibiwe, na mzazi wake aitwe.

Kwa wakubwa wa elimu: Masisi na Walikale ziko pamoja mu jimbo moja la elimu, Nord-Kivu 3. Barua moja kwa maprefe wote, yenye inakataza kufukuza watoto juu ya franga, karatasi na kuchelewa, haiombi bidjeti. Inaomba sahihi. Kisha Serikali iingize walimu NP ku liste na iwalipe, sababu bila hiyo kila règlement mpya itakufa na njaa ya mwalimu.

Kwa wenye bunduki wote, wa kila upande na wa kila jina: tokeni mu masomo. Congo ilikubali Tangazo la Masomo Salama mu 2016. Darasa si pahali pa kulala maaskari, banki si kuni, na mtoto wa sekondari si mtu wa kubeba masanduku yenu.

Vita hatukuianzisha sisi, na hatuwezi kuimaliza kesho asubuhi. Lakini karatasi ya ku mlango wa biro ya prefe tunaweza kuibadilisha wiki hii, bila kungojea Kinshasa, Doha wala Washington. Mzazi mwenye anasoma hii, omba mkutano wa COPA. Mwanafunzi, ambia shefu wa darasa lako. Prefe, toa ile karatasi ku mlango, ikalie na watu wako, na uulize ku kila mstari: mtoto huyu alichagua, ao alichaguliwa? Penye hakuchagua, futa.