KISU BUTU NI DHULUMA TULIYOIZOEA



Ndugu zangu katika imani, najua wapo watakaosema, "Sheikh leo amekosa mada." Nazungumzia kisu. Kisu hicho hicho kilichopo jikoni kwako, unachokatia nyanya asubuhi, na siku wageni wakija ndicho unachomchinjia kuku.

Tumeisoma wote madrasa hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), imo katika Sahih Muslim, na Imam Nawawi ameiweka ya 17 katika Arobaini zake. Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba Allah ameifaradhisha ihsani katika kila kitu, na mfano aliouchagua ni kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Sisi hadithi hii tunaikumbuka Idd el-Hajj tu. Siku mbili kabla ya Idd kila mtu anatafuta wa kumnolea kisu, na baada ya Idd kisu kinarudi kwenye droo kukaa na vijiko mwaka mzima. Kuku wa katikati ya mwaka yeye hana haki?

Na hapa msifikiri ni suala la adabu peke yake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema mnyama aliyechinjwa kwa kisu butu anakuwa halali kwa masharti mawili. La kwanza, ukataji usitegemee nguvu za mchinjaji, yaani kinachokata kiwe ni makali, siyo mkono unaokandamiza. La pili, koo la pumzi na koo la chakula yawe yamekatika kabla mnyama hajafikia mtapatapo wa mwisho. Sasa jiulize kuhusu yule kuku uliyemsugua shingo kwa kisu kama unakata kamba. Unaweka bismillahi juu ya kitu ambacho huna hakika nacho, halafu unawapakulia watoto.

Haya, kisu kinakuwaje butu? Wengi wanadhani makali yameisha. Mara nyingi hayajaisha, yamepinda. Makali ya kisu ni membamba sana, kila ukigonga ubao yanalala upande kidogo kidogo. Kile chuma cha mviringo unachokiona buchani, muuza nyama anakipitishia kisu chake kila baada ya muda, kazi yake ni kuyasimamisha makali yaliyolala. Kinoo, yaani jiwe, kazi yake ni nyingine: kinakula chuma na kutengeneza makali mapya. Kwa hiyo chuma ni cha mara kwa mara, jiwe ni la mara chache.

Simamisha chuma wima, ncha yake iegemee kwenye kitambaa juu ya meza ili isiteleze. Kisu kikiwa kimesimama kabisa mbali na chuma hizo ni nyuzi 90. Gawa nusu, gawa nusu tena, kisha punguza kidogo. Hapo ndipo unapotaka, kati ya nyuzi 15 na 20. Shusha kisu huku ukikivuta kwako, kuanzia karibu na mpini hadi ncha, upande mmoja kisha wa pili, mara tano au sita kila upande. Mkono mwepesi! Anayekandamiza anaharibu. Kisha kifute kwa kitambaa kibichi. Kisu cha meno cha kukatia mkate usikipeleke huko kabisa. Ukitaka kujua kama kimekubali, kiweke juu ya nyanya bila kukandamiza: kikiingia kwenye ganda, kimekubali. Kikiteleza hata baada ya hapo, sasa kinataka jiwe.

Yule fundi anayepita na baiskeli yenye gurudumu la kunolea, simkatai riziki yake, na kisu kilichokwisha kabisa mpelekee. Lakini usimpelekee kila mwezi. Gurudumu linakula chuma kingi, na kisu kikipata moto hadi kikageuka rangi ya bluu, makali yake hayatakaa tena. Na wanaonoa kwenye ngazi ya saruji ya nyumba, naomba muache tu.

Kuna dada zetu watasema: nyumbani kuna watoto, bora kisu kisiwe kikali. Hapana, mama yangu. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye kitunguu, kinaishia kidoleni. Dawa ya watoto ni mahali pa kukiweka. Nenda mnadani hapa Kisongo uwaangalie wazee wa Kimasai: sime kiunoni, kali kweli, lakini imo ndani ya ala. Mtume (s.a.w.) alikataza kupeana upanga uliochomolewa, na aliwaamrisha wapitao msikitini au sokoni na mishale washike upande wa chuma. Sisi tunakitumbukiza kisu kwenye beseni la vyombo, povu limekifunika, halafu tunamwita binti wa miaka tisa aje aoshe.

Na nyinyi kina baba msikae pembeni. Najua mtaniletea hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume alimwambia alete kisu na akinoe kwa jiwe. Ni sahihi, imo katika Muslim. Ila endelea kuisoma: aliyemlaza kondoo na kumchinja ni yeye Mtume mwenyewe. Na ni Bibi Aisha huyo huyo, katika Bukhari, aliyesema kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa katika kazi za ahli zake. Wewe umenunua simu mbili mwaka huu, na mkeo anakata nyama kwa kisu kilichokuja na ndoa.

Siku ya kuchinja noa mapema, na noa mbali. Al-Hakim amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kisa cha mtu aliyemlaza mnyama kisha akaanza kunoa mbele yake, na Mtume akamkemea kwamba anataka kumuua mara mbili. Na kuku pia anaona.

Asiye na chuma, achukue kikombe cha kauri akigeuze. Ile duara ya chini isiyong'aa inakwaruza. Pitisha kisu hapo kwa mlalo ule ule, pole pole, kisha osha vyote viwili kabla mtu hajanywea chai.

Wallahu a'lam.